Maji Yaliyomuuma Mama Mdogo

Nta nyekundu ya sakafu siku hizi haionekani sana. Watu wameweka vigae, na kigae hakihitaji kupakwa kitu. Lakini mwaka juzi niliitwa kurekebisha nyaya katika nyumba moja ya zamani pale Same, upande wa juu wa barabara kuu, na mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kupaka sakafu yake nta ileile, iliyolainishwa kwa mafuta ya taa. Harufu ilinikuta mlangoni, nikashindwa kuingia. Mama yule alidhani naogopa kumchafulia, akaniambia niingie tu, ila nivue viatu. Nikamjibu kwamba kazi ya umeme siifanyi bila viatu. Akacheka. Mimi sikucheka, na nitawaeleza sababu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Alikuwa mtu wa haki, na nasema hivyo bila kejeli. Wapare tunataniwa kwamba mmoja wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Baba alikuwa wa namna hiyo, ila kesi zake zilihusu ukweli wa vitu. Ukimwambia kwamba maharage yaliyotiwa chumvi mapema hayaivi, hakubishana nawe. Alikwenda kuchukua sufuria mbili. Darasani alisifika kwa mifano. Hakuna jambo aliloandika ubaoni bila kutafuta kitu cha kulithibitisha, hata kama ni kipande cha muwa au kofia ya mwanafunzi.

Mtaalamu mmoja wa barabara, mgeni, alikuwa amepanga nyumba ya jirani yetu. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia baba tangi la kioo la kufugia samaki, pamoja na taa yake, pampu ndogo inayokaa ndani ya maji, na samaki watano wa rangi ya chungwa. Nadhani lilikuwa tangi la pekee mjini. Liliwekwa sebuleni juu ya meza ya mninga, na wageni walikuja kulitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga, wakiongea kwa sauti ya chini.

Mnapaswa kukumbuka kwamba Same ni mji mkavu. Mlima uko juu yetu na mawingu yake, sisi tuko chini na vumbi letu. Wakati ule maji yalitoka bombani siku mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayakutoka kabisa. Bibi, mama yake mama, aliposhuka kutoka Gonja kutuona, aliwatazama wale samaki kwa muda mrefu, kisha akauliza watafaa kupikwa lini. Baba akamweleza kwamba hawa ni wa kutazama tu. Bibi akasema kwamba hata kwao mlimani kuna vitu vingi vya kutazama, na havinywi maji ya watu.

Pampu ilikuja na plagi ya pini mbili. Soketi yetu ilikuwa ya matundu matatu. Baba alifanya kama walivyofanya watu wote: alichomeka kijiti cha kiberiti katika tundu la juu ili milango ya yale mawili ya chini ifunguke, kisha akasukuma plagi. Lile tundu la juu ndilo la waya wa ardhi, waya unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Kwetu kazi yake ilikuwa kushika kijiti.

Mama Mdogo Namkunda alikuja kwetu miezi miwili baada ya tangi. Alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, na alikuwa ameolewa Makanya na mwanamume aliyefanya kazi kwenye machimbo ya jasi. Alifika asubuhi na kitenge kimoja kilichofungwa fundo, na uso wake ulikuwa umevimba upande wa kushoto. Alisema mume wake anampiga. Mume naye alituma watu kusema kwamba mkewe alianguka, na kwamba tangu zamani ni mtu wa kukuza mambo. Wazee wa ukoo wakapanga kikao huko Gonja, baada ya mavuno, kuamua kama abaki kwao au arudishwe. Mpaka siku hiyo angekaa kwetu. Kila mtu alijua kwamba baba angeitwa kwenye kikao, kwa sababu alikuwa msomi na kwa sababu mwanamke huyu angekuwa amelala chini ya paa lake. Angeulizwa swali moja: umeishi naye, je, ni mkweli?

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda mara moja. Alikuwa na utani wa kimyakimya. Samaki mkubwa kuliko wote alimwita Mwenyekiti, kwa sababu, alisema, anafungua mdomo siku nzima na hakuna neno linalotoka. Alichukua kazi za nyumba bila kuambiwa, na mama akamwachia bila kumzuia. Kubeba madumu, kupiga deki, kupaka nta, na kila Jumamosi kubadilisha maji ya tangi na kusugua ukijani uliogandia kwenye kioo.

Sakafu ile ilikuwa na sheria. Viatu vya nje viliishia kizingitini. Ndani, kila mtu wa nyumba alikuwa na kandambili zake za mpira, na zilipangwa kwenye ubao nyuma ya mlango: za baba, za mama, zangu. Mama Mdogo alikuwa na makatambuga yaliyotengenezwa kwa tairi la gari, na hayo yaliacha alama nyeusi kwenye nta. Kwa hiyo aliyaacha nje, akatembea ndani pekupeku. Sikumbuki mtu yeyote akisema kwamba yeye hastahili kandambili. Hakuna aliyelifikiria tu. Alikuwa ndugu, tulimwita ndugu, na kwenye ubao hapakuwa na nafasi yake.

Jumamosi ya tatu alisema maji yanauma.

Alilisema kwa kawaida tu, akijifuta mkono kwenye kanga. Mama akauliza yanaumaje. Akasema ni kama sisimizi wengi wanaokimbia ndani ya mfupa hadi kwenye kiwiko, na akiendelea kushikilia, mkono unakakamaa. Mama alikwenda palepale akatia mkono wake. Hakusikia kitu. Akasema labda ni baridi. Jumamosi iliyofuata Mama Mdogo alisugua kioo kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, na ukijani ukabaki kwenye pembe. Baba aliuona. Alipouliza, akajibiwa vilevile: shemeji, yale maji yanauma.

Baba hakukasirika. Alitafakari kama alivyotafakari mambo yote, akasema kwamba kinachoweza kuuma majini ni kimoja tu, nacho ni umeme. Na kama kungekuwa na umeme ndani ya maji yale, samaki wangekuwa wa kwanza kufa. Samaki walikuwa hai, wanene. Mama Mdogo akasema yeye si samaki. Tulicheka, na kilikuwa kicheko cha mwisho nilichokisikia juu ya jambo hilo.

Hapa inanibidi niwaambie kitu ambacho wakati ule hakuna aliyekijua. Nilikuwa nimekatazwa kugusa tangi. Siku moja ya katikati ya wiki, nilipotoka kuoga, miguu ikiwa bado na maji na kandambili nimezisahau bafuni, nilipita sebuleni na hapakuwa na mtu. Nikaingiza kidole ili nimguse Mwenyekiti mgongoni. Kitu kilinipiga mpaka begani. Nilikimbia nikajificha nyuma ya nyumba kwenye banda la mbuzi, na sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kusema maji yameniuma kulikuwa ni kusema nimegusa tangi, na baba alikuwa na fimbo ya mpera aliyoitumia kwa haki, yaani bila kukosa. Mtoto huwa na sayansi yake. Yangu iliniambia kwamba tangi lile linajilinda, na linamtambua mwenye kosa.

Jumapili, baada ya ibada, baba alitangaza jaribio. Alitaka jambo limalizike kabla ya kikao, ambacho kilikuwa kimebakiza siku kumi. Alisema hawezi kwenda mbele ya wazee na shaka kichwani, na nadhani alitumaini kwa dhati kwamba Mama Mdogo angetoka salama katika shaka hiyo. Utaratibu ulikuwa huu: kila mmoja atatia mkono hadi kwenye kifundo cha mkono, na baba atahesabu kumi kwa saa yake.

Alianza yeye, akiwa bado na viatu vya kanisani, maana siku hiyo hata sheria ya sakafu aliisahau. Kumi. Akafuata mama, na kandambili zake. Kumi. Kisha nikaitwa mimi. Nilizivaa kandambili zangu, nikasogea kama mtu anayepelekwa kuchinjwa, nikatia mkono nikiwa nimefumba macho. Hakuna kitu. Maji yalikuwa maji, vuguvugu, na Mwenyekiti akapita akinigusa kidole.

"Umesikia chochote?" baba akauliza.

"Hapana, baba."

Jibu langu lilikuwa la kweli neno kwa neno. Ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kuona kwamba lilikuwa baya. Hakuniuliza kama nimewahi. Kichwani mwangu nilikuwa nashangilia: tangi limenisamehe. Na palepale wazo la pili likafuata, kwa mantiki ileile: basi kama bado linamuuma Mama Mdogo, lazima ana kosa ambalo sisi hatulijui.

Mama Mdogo akasogea. Alikuwa amepiga deki asubuhi, na mbele ya meza saruji ilikuwa haijakauka. Alisimama pale pekupeku, akatazama maji, akatia mkono. Baba alikuwa hajamaliza kusema moja alipouchomoa, na jagi lililokuwa kando likaanguka likavunjika.

Baba alimwomba arudie. Aliomba kwa upole, kama anavyomwambia mwanafunzi aliyekosea hesabu na anaweza kuipata.

"Sirudii, shemeji," alisema. "Mimi nimeshasema."

"Sisi watatu tumeweka mkono. Maji ni yaleyale."

"Nimeona."

"Sasa mimi nitasema nini mbele ya wazee?"

 Mama Mdogo alichutama akaanza kuokota vipande vya jagi.

Kikao sikuhudhuria, niliyoyajua niliyasikia mama akimsimulia jirani, huku analia. Baba hakumsema vibaya. Alisema ni mchapakazi, ana adabu, anapenda watoto. Alipoulizwa kama ni mkweli, alieleza jaribio lote kwa utaratibu, nani alianza na nani alifuata, na akasema kwamba yeye anaweza kushuhudia alichokipima tu. Wazee wakacheka. Mmoja wao akasema kwamba kama maji yalimpiga, basi na mume alimpiga hivyohivyo. Maneno hayo yalimaliza kesi. Alirudishwa Makanya wiki ileile, na mume akatozwa debe moja la pombe kwa kuwasumbua wazee.

Usafi wa tangi ukarudi kwa mama, aliyeufanya akiwa na kandambili, bila tatizo.

Miezi kama mitatu ikapita. Jioni moja samaki mmoja alielea, tumbo juu, nadhani kwa sababu ya joto la Februari. Baba alikuwa ametoka kuoga. Mkanda wa kandambili yake ulikatika katikati ya korido, naye akaendelea pekupeku, kandambili mbili mkononi, akatia mkono majini kumtoa yule samaki. Nilikuwa nimekaa chini mlangoni mwa chumba changu na daftari. Nilimwona akiruka nyuma.

 Alisimama. Aliutazama mkono wake, halafu miguu yake, halafu zile kandambili. Akaziweka chini, akakanyaga juu yake, akatia mkono. Akatulia hivyo kwa muda. Akashuka, akasimama juu ya saruji, akatia ncha ya kidole, akakichomoa. Akapanda tena juu ya mpira. Alifanya hivyo mara tatu, kwa mpangilio, kama alivyotufundisha kwamba jaribio moja si jaribio. Kisha akachomoa plagi ukutani, akakitoa na kile kijiti, akakivunja vipande viwili.

Alipogeuka aliniona. Tulitazamana. Nilingoja aseme neno, naye nadhani alingoja mimi niulize. Akaniambia nikamalize kazi ya shule.

Tangi lilihamia stoo; mama akalitumia kuhifadhia mahindi ya mbegu. Wageni walipouliza, waliambiwa kwamba maji yamekuwa ya shida. Sikusikia kwamba baba alikwenda Gonja, wala Makanya, wala kwamba aliandika barua. Mwaka uliofuata niliingia darasa lake. Tulipofika kwenye somo la umeme aliandika ubaoni: Mpira haupitishi umeme. Chini yake: Maji machafu na saruji yenye unyevu hupitisha. Akatuambia tunakili. Hakutoa mfano.

Yaliyobaki niliyapata mwenyewe, katika vitabu vya kuazima na vya mitumba, kwa sababu sikuwahi kusoma chuo. Ganda la pampu lilikuwa na ufa, labda tangu safari. Umeme ulivuja ndani ya maji, na kwa kuwa tangi ni kioo na meza ni mti, haukuwa na pa kwenda. Ulikaa pale ukingoja njia. Samaki hawakuwa njia. Walikuwa ndani yake wote sawasawa, kama ndege aliyetua juu ya waya. Mtu aliyevaa mpira hakuwa njia. Mwanamke aliyesimama pekupeku juu ya saruji mbichi alikuwa njia, na yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyenyimwa mpira. Ninapofunga umeme kwa mtu mwenye tangi leo, sharti langu la kwanza ni waya wa ardhi unaofika kwenye udongo wenye unyevu, ambao hapa Same hupatikana kwa kuchimba kina kirefu, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Na nawaambia wenye nyumba: wa kwanza kusema maji yanauma, mwamini, kisha chomoa plagi, ndipo upime.

Baba alifariki bila kulitaja jambo lile. Mama Mdogo alikuja msibani, akakaa nyuma. Tuliposalimiana niligundua kwamba ananigeuzia sikio la kulia. La kushoto lilikuwa halisikii tena. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwaka juzi, wiki moja baada ya nyumba ile ya nta, nilikwenda Makanya. Mume wake alikuwa ameshafariki. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa upande huu nikusikie."

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na karatasi yenye mchoro wa tangi, meza, sakafu na miguu. Nilimwambia kuhusu ufa, kijiti, kandambili, na baba akirudia jaribio mara tatu. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, akasema ee, ee, kama mtu anayeelezwa njia ya mahali ambako ameshafika. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, nadhani kwa adabu: yote hayo niliyajua kwa vitabu?

Nikasema kwa vitabu, na pia kwa sababu hata mimi maji yale yaliniuma, siku niliyoyagusa pekupeku.

Mikono yake ikasimama. "Siku gani?"

"Kabla ya jaribio. Siku chache kabla."

"Kwa hiyo tulikuwa wawili."

 Gari la mizigo lilipita barabarani, akangoja mlio wake uishe.

"Kwenye kikao," alisema, "mzee aliyekuwa anaongoza aliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeumwa na maji yale. Nikamjibu hayupo, ni mimi peke yangu." Akachukua kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupa uani. "Walisema nimewadanganya mengi siku ile. Kumbe nilidanganya moja, na sikulijua."

Akaendelea kuchambua. Nilikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba kilichokosekana sebuleni kwetu ni elimu, na kwamba nikiipata nitaweza kumpelekea. Lakini yeye hakuwahi kuhitaji kuelezwa kilichompata. Mkono ulikuwa wake. Alihitaji mtu mmoja wa kusema "na mimi pia". Mtu huyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ana miaka tisa, na alikuwa anajua.